Kicheko cha ukumbini nacho ni ushahidi

Kila komedi mpya ya muziki ikifunguliwa Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za New York, au London, ugomvi ni ule ule. Wahakiki wanatoa nyota mbili, stori nyepesi, nyimbo zinafanana, mizaha ya kitoto, halafu watu waliotoka ukumbini wanaandika kwamba wamevunjika mbavu na wanataka kurudi tena wiki ijayo. Baada ya hapo ni kurushiana maneno tu, huyu anasema wahakiki wana roho ngumu hawajui raha, yule anasema watazamaji wa siku hizi wanakubali chochote ilimradi kuna taa na kelele. Mi haya maigizo ya nyimbo nayapenda sana, nayafuatilia, na naona pande zote mbili zinaruka kitu kimoja: kwenye komedi kicheko cha watu ni sehemu ya kazi yenyewe. Kwenye tanzia watu wakinyamaza huwezi kujua wameguswa au wamechoka, ila komedi ikinyamaziwa kila mtu mle ndani anajua kimetokea nini, kuanzia muigizaji mpaka anayekaa nyuma kabisa. Mhakiki asipoandika hilo ameniachia nusu ya alichokiona.

Chukua komedi ya muziki ya Beetlejuice. Ilifunguliwa Broadway Aprili 2019 pale ukumbi wa Winter Garden na wahakiki wengi hawakuifurahia, waliona kelele zimezidi na vichekesho vinarushwa vingi mno kwa wakati mmoja, na mwanzoni hata mauzo ya tiketi yalikuwa yamepoa. Halafu vijana wakaanza kuzitumia nyimbo zake TikTok, wanaigiza vipande, wanajipaka rangi usoni, na ndani ya miezi michache tu mapato ya wiki yakavuka dola milioni 1. Kinachoniuma hapo ni kwamba Desemba 2019 ikatangazwa lazima wahame kupisha igizo jingine la muziki, The Music Man, yaani igizo linajaza watu linaambiwa lifungashe virago! Korona ikaja ikafunga kila kitu kabla hata ya tarehe ya kuhama, na iliporudi 2022 ilibidi iende ukumbi mwingine.

London nako kulikuwa na We Will Rock You, ile ya nyimbo za bendi ya roki ya Queen na stori ya mwandishi Ben Elton. 2002 wahakiki waliichana vibaya sana na ikakaa ukumbi wa Dominion mpaka 2014, miaka 12. Na kuhusu stori mimi niko na wahakiki kabisa, ni dhaifu kweli. Ila umati ule haukuwa umeifuata stori, ulifuata zile nyimbo zipigwe laivu mbele ya watu wanaozijua neno kwa neno.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa zamani zaidi. A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, komedi yenye nyimbo za mtunzi Stephen Sondheim, ilipokuwa inajaribiwa Washington kabla ya kufika New York watu walikuwa wanakaa tu, hawacheki. Wimbo wa kufungulia ulikuwa wa upole, wa mapenzi, kwa hiyo watu wanajiandaa kuona kitu laini halafu wanamwagiwa vituko vya watumwa na wazee wa Roma wanaokimbizana milangoni, wanabaki hawaelewi wamekuja kuangalia nini. Akaitwa mwongozaji Jerome Robbins aje aangalie, akasema tatizo liko mwanzoni, waambieni watu tangu wimbo wa kwanza kwamba usiku huu ni wa kucheka. Sondheim akaandika wimbo wa Comedy Tonight, yaani komedi usiku huu, ukawekwa mwanzo, na mizaha iliyokuwa inaanguka ikaanza kuchekesha. Mei 1962 ikafunguliwa Broadway ikaenda maonyesho 964. Hebu fikiria, kilichobadilika ni wimbo wa mwanzo, na walioonyesha kasoro iko wapi ni watu waliokaa kimya kwenye viti vyao bila kuandika hata sentensi moja.

Sasa mhakiki anaingia lini? Broadway siku hizi wengi wanaalikwa kwenye maonyesho ya mwisho mwisho ya majaribio, wanakaa na maandishi yao mpaka usiku wa ufunguzi ndo yanachapishwa. Siku hizo ukumbini kuna waandishi kibao walioinamia daftari, na pembeni yao wako wawekezaji na marafiki wa waigizaji ambao wanacheka hata kabla utani haujaisha. Hicho sio kicheko cha onyesho la kawaida la Jumatano mchana, cha watu waliolipa kwa hela yao, na huyo mhakiki anajua hivyo, kwa hiyo ningependa aseme wazi alikaa na watu gani.

Watazamaji nao siwaachii hivi hivi. Kusimama na kupiga makofi mwishoni kumeshakuwa desturi, watu wanasimama kwa kila kitu, na aliyelipa tiketi ghali hapendi kukubali kwamba jioni yake imepotea. Kwa hiyo makofi ya mwisho siyaamini sana, naamini kicheko kinachotoka katikati, kile cha ghafla ambacho mtu hawezi kukipanga. Halafu kuna wakati wahakiki na waliokaa ukumbini wanakubaliana na bado haitoshi. Some Like It Hot ilifunguliwa Broadway Desemba 2022, ikasifiwa, ikapata uteuzi 13 wa Tony, tuzo kubwa za maigizo ya Broadway, na ikashinda 4, na Desemba 2023 ikafungwa bila kurudisha hela iliyowekezwa. Hiyo iliniuma kwa kweli, maana ni komedi ya kizamani iliyotengenezwa kwa ufundi, ngoma za kugonga viatu sakafuni, milango inafunguka na kufungwa kwa wakati wake hasa.

Ninachomuomba mhakiki ni kidogo tu. Aniambie utani upi ulianguka na upi uliwaangusha watu kwa kicheko, kama kicheko kilikufa baada ya mapumziko, kama waliokuwa wanacheka ni safu za mbele peke yake au mpaka kule juu balkoni. Akishaniambia hayo aichane stori anavyotaka, nitamsoma mpaka nukta ya mwisho.