Skuta ya tu-stroki ikigoma kuwaka

Piga kiki kidogo, kisha fungua plagi, kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha petroli. Imelowa? Petroli inafika, kagua moto wa umeme: isugue plagi kwa brashi ya waya, uwazi kati ya ncha zake uwe kama milimita 0.6, irudishe kwenye kofia yake, igusishe chuma cha injini mbali na tundu lake, upige kiki. Cheche nyekundu, dhaifu, haitoshi. Badilisha plagi kwanza, ni rahisi kuliko koili inayoipa umeme.

Plagi ikiwa kavu, fungua kabureta, inayochanganya petroli na hewa. Vumbi la kiangazi hapa Dodoma hupenya filta iliyochoka na kuziba jeti ndogo, yaani kitundu cha kupitisha petroli. Ipulize kwa upepo wa kompresa. Tafadhali usiichokonoe kwa waya! Tundu likipanuka, injini itakunywa petroli kupita kiasi na plagi italowa kila siku.

Cheche na petroli vipo, bado inagoma? Kagua ekzosi, huenda masizi yameiziba.