Jogoo wa senti 3

Babu yangu, karani wa reli hapa Tororo, alibadilishana stempu kwa barua na watu asiowahi kuwaona. Alipofariki, sanduku lake la bati likanijia mimi. Zile stempu za Mfalme George zenye maandishi Kenya, Uganda, Tanganyika nilizipita haraka. Mimi ni mfugaji wa kuku, na humo mlikuwa na bahasha mbili za Marekani, kila moja ina jogoo.

Ni stempu ya senti 3, ya kahawia, iliyotolewa mwaka 1948 kuadhimisha miaka 100 ya biashara ya kuku Marekani. Jogoo mwenyewe ni Brahma, yule mwenye manyoya hadi vidoleni, ambaye siku hizi wafugaji wetu wanamringia. Wakusanyaji wa huko waliibeza: kama kuku kapewa stempu, nani atanyimwa?

Bahasha moja ilikuwa imetafunwa na mende, nikaamua kuiokoa stempu. Bahati nzuri nilijaribu kwanza kwenye stempu ya kawaida: nikaing'oa kwa kucha, nusu ya mgongo wake ikabaki kwenye karatasi. Nikaenda kwa mzee mmoja wa mtaani anayekusanya. Akacheka. "Mjukuu wangu, stempu haing'olewi. Inaachwa ijitoe."

Nikakata kipande cha bahasha, nikaacha nafasi pembeni, nikakiweka kwenye sahani ya maji ya vuguvugu. Maji ya moto hapana, na bahasha ya rangi usiichanganye na nyingine, itachuja rangi. Baada ya dakika kama 20 jogoo aliteleza mwenyewe. Nikamsuuza gundi, nikamlaza kifudifudi kwenye karatasi safi. Ukimlaza chali, gundi iliyobaki itamnasa. Juani nilikatazwa kabisa, kwa kuwa hujikunja. Alipokauka nikamkandamiza ndani ya kitabu kizito usiku kucha.

Bahasha ya pili nilikuwa nimeshaishikia mkasi. Mzee akanidaka mkono. Ilikuwa na muhuri wa New Haven, Connecticut, 9 Septemba 1948, mji na siku stempu hiyo ilipotoka. Hiyo, akasema, thamani yake ni bahasha nzima na muhuri wake.

Nikamuuliza bei. Zilichapwa zaidi ya milioni 50, akanijibu. Huyo uliyemwogesha hafikii hata trei moja ya mayai yako.