Tetemeko la Rio na kumi zangu mbili

Julai 2025, Leo Margets, dada wa Kihispania, alipofika meza ya mwisho, ile ya wachezaji tisa wanaobaki, ya mashindano makuu ya World Series of Poker, mashindano ya poka ya dunia nzima kule Las Vegas, nilikuwa kazini zamu ya usiku na nikaingia chooni nikalia. Mwanamke aliyekaa meza hiyo kabla yake ni Barbara Enright, na hiyo ilikuwa 1995, alimaliza wa tano. Miaka thelathini jamani! Margets akamaliza wa saba. Tangu usiku ule siku yangu ya 2019 kwenye hoteli ya Rio, Las Vegas, ambako mashindano hayo yalikuwa yanachezwa wakati ule, inanirudia kichwani kila nikilala, sasa nimeona bora niiandike yote kama ilivyokuwa kabla sijaanza kuisahau.

Mimi ni mtoto wa Majengo, Mombasa. Karata nimezijulia barazani kwa ami yangu, kila usiku baada ya isha wanaume wanne wanacheza wahedi wa sitini, wawili kwa wawili, na ule si mchezo wa kutupa tupa karata, lazima ujue zipi zishatoka na zipi bado ziko mikononi mwa watu manake pointi zote ni 120 na ukifika 61 ndo umeshinda. Mama ndo alikuwa anawapelekea kahawa na kashata. Hajawahi kukaa pale hata siku moja, mwanamke kukaa barazani akacheza na wanaume ilikuwa haifikiriki, lakini akirudi ndani na sinia ananiambia kwa sauti ya chini, "Ami yako kashapoteza huyu, ree ya kopa iko kwa yule wa kulia kwake na yeye hana habari." Haipiti dakika unasikia makelele nje. Yaani muda ule wa kumimina vikombe vinne tu, anaona zile karata zilizolala chini, na hesabu kashaimaliza. Mimi nilidhani kina mama wote wako hivyo.

Nilihamia Minnesota kwa kazi, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Poka nilifundishwa na mfanyakazi mwenzangu (kila mtu ana karata mbili zake za siri, tano zinafunguliwa katikati za wote; kulipa ni kuweka sawa na beti ya mwenzio, kuongeza ni kuweka zaidi, kutupa ni kujitoa), tukawa tunacheza Jumamosi kwa hela ndogo, baadaye nikaanza kwenda kwenye klabu ya karata, hela ya karata nikaiweka kando kabisa na hela ya kodi na ya kutuma nyumbani. Najua kamari kwetu ni haramu na sitakaa hapa nijitetee, hilo ni langu mimi na Mola wangu. Nasema tu kwamba mtu ukikulia na karata kichwani huwezi kuzifukuza, na meza ya poka ndo mahali pa kwanza nilipoona kichwa cha mama yangu kinalipa.

Sasa, mashindano makuu kiingilio chake ni dola 10,000 na kimekuwa hivyo tangu 1972. Mimi sikuwa na hela hiyo ya kutupa. Niliingia kwa satelaiti, yaani mashindano madogo ya kugombania nafasi, unalipa dola mia tano na kitu, mnacheza mpaka asubuhi, na mnaobaki mwisho mnapewa tiketi ya mchezo mkubwa. Nilipopewa ile karatasi mikono ilikuwa inatetemeka. Mwaka huo wa 2019 waliingia watu 8,569, mshindi wa kwanza alikuwa analipwa dola milioni 10 (alikuja kuchukua Hossein Ensan, Mjerumani mzaliwa wa Iran), na wanaolipwa chochote walikuwa 1,286 tu, wa mwisho wao anapata 15,000.

Wanawake tulikuwa kama wanne katika kila watu mia. Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye ukumbi kama ule hawezi kuelewa hiyo namba ina maana gani mpaka uende chooni. Wakati wa mapumziko wanaume foleni yao inapita mlango, inazunguka kona, na mimi naingia moja kwa moja, nanawa mikono, natoka, sijaona mtu. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nikahisi upweke ambao hata sijui niuelezeje, nikasimama pale mbele ya kioo nikirekebisha mtandio wangu na natamani japo mtu mmoja aingie aniulize umefikia wapi. (Kuna mashindano ya wanawake peke yao pia, bango linasema kiingilio ni dola 10,000 na mwanamke akija anapunguziwa mpaka 1,000, wameweka hivyo manake kisheria huwezi kumzuia mwanaume na wanaume walikuwa wanaingia kweli. Nilicheza hayo mwaka mwingine na nilipata marafiki ninaoongea nao mpaka leo.)

Meza yangu tulikuwa tisa, mwanamke mimi peke yangu. Kulia kwangu babu mmoja wa Texas mwenye kofia pana, mtu mzuri wallahi, lakini kila nikitupa karata ananiegemea na kunisifu, "umefanya vizuri mpenzi, usijiingize matatizoni," kama vile nimevuka barabara bila kushikwa mkono. Mwingine aliniuliza mume wangu anacheza meza ya ngapi. Nikamwambia sina mume, akasema aah, basi umekuja kuona tu ilivyo. Tuko meza moja, tumelipiwa kiingilio kilekile, chipu zetu, vile vidude vya kubetia badala ya hela, zilianza 60,000 kila mtu, na bado mimi nimekuja kuona tu ilivyo.

Mchana kijana mmoja aliyejifunika kofia ya sweta aliwekewa beti kubwa na karata ya mwisho ishafunguliwa. Akafikiria sana, akalipa akiwa na jozi ndogo tu ya saba, na yule aliyebeti hakuwa na kitu. Meza nzima ikamshangilia! Umemsomaje, hiyo ni akili ya ajabu, wanamgongea meza. Na mimi nikamgongea manake kweli alicheza vizuri sana. Nawaomba mkumbuke hilo.

Jioni ikafika. Nina chipu kama 52,000, nikapata kumi mbili, ya kopa na ya pau. Nikaongeza, na jamaa wa ng'ambo ya meza, mtu wa makamo mwenye saa kubwa ya dhahabu ambaye siku nzima alikuwa anapiga kelele kuhusu biashara zake, akaongeza juu yangu mpaka 4,000. Nikalipa, wengine wakatoka. Zikafunguliwa tatu: mfalme wa uru, nane ya uru, tatu ya pau. Akabeti 4,000, nikalipa. Karata ya nne sita ya kopa, akanyamaza bila kubeti, na mimi nikanyamaza. Ya tano malkia wa shupaza. Akakaa kidogo halafu akasukuma 18,000, karibu sawasawa na kila kilichokuwa katikati, akaegemea kiti na kunitazama usoni.

Sasa akiwa na mfalme mkononi anazipiga kumi zangu, akiwa na malkia anazipiga kumi zangu. Nikilipa nikakosa nabaki na 26,000 na siku bado ndefu. Nikaanza kuhesabu kama mama. Mtu mwenye mfalme angenyamaza kwenye karata ya nne? Na uru mbili ziko pale chini, kama alikuwa anasubiri uru ya tatu ili akamilishe tano za rangi moja, haikuja, kwa hiyo hana namna nyingine ya kushinda isipokuwa kunitisha. Lakini pia inawezekana kabisa malkia ndo kampata mwisho. Nilikuwa nusu kwa nusu. Akaniambia, "Tupa tu dada, nitakuonyesha nilichonacho." Nikaendelea kunyamaza. Babu wa Texas akanong'ona, "achana nayo mpenzi." Yule jamaa akaomba nihesabiwe muda, ni haki yake mtu akichelewa, dila, yule mgawa karata, akanyoosha shingo kumtafuta msimamizi.

Hapo hapo ardhi ikatikisika.

Siku moja kabla kulikuwa na tetemeko la 6.4 huko California, tulilisikia mpaka Vegas. Hili la tarehe 5 Julai lilikuwa 7.1, karibu na Ridgecrest, saa mbili na dakika 19 usiku. Kwanza nilidhani ni kizunguzungu, siku nzima niko kwenye kiyoyozi sijala vizuri. Halafu nikaona chipu zinacheza zenyewe, nikaangalia juu, na zile taa na skrini kubwa zilizoning'inizwa darini zinabembea kama majahazi yaliyofungwa gatini siku ya upepo. Watu wakaanza kuinuka, wengine wanakimbia kutoka chini ya taa, kelele, viti vinaanguka. Mimi nilisoma shahada kimoyomoyo na viganja vyangu viwili viko juu ya karata zangu. Sikuinuka. Kusema ushujaa sitasema, niliogopa sana, lakini nilijua nikiziachia karata watu wakazigusa basi zimekufa.

Mchezo ukasimamishwa. Na ule muda wa kusimama ndo ulionipa kila kitu, manake macho yangu hayakwenda kwenye taa tena, yalikwenda kwa yule jamaa. Hakukimbia na yeye. Hakuangalia juu hata mara moja. Alimwinamia dila akamuuliza, tena haraka haraka, "Wakifunga ukumbi hii mkono, huu mzunguko tunaocheza, inafutwa? Kila mtu anarudishiwa zake?" Dila akamwambia hapana, karata zinabaki kama zilivyo, tukirudi tunamalizia hapa hapa. Na mimi nikauona uso wake ukishuka. Sekunde moja tu, halafu akajifanya anakunywa maji.

Mtu mwenye malkia na mfalme, mtu anayejua kashashinda, ataogopa mkono usije ukafutwa. Huyu alikuwa anaomba ufutwe.

Tukarudishwa kuendelea, taa bado zinayumba kidogo, msimamizi akafika aanze kunihesabia sekunde na mimi nikamwambia hakuna haja, nalipa. Nikahesabu 18,000 nikazisukuma. Yule jamaa alikaa kimya, halafu akafungua: ree na ghulamu, zote za uru. Hakuwa na jozi, hakuwa na chochote. Nikafungua kumi zangu mbili.

Hakuna aliyenigongea meza.

Jamaa akasema kwa sauti, "Unalipaje na kumi hapo? Mfalme na malkia wote wako chini!" Mwingine akasema huyu hajui hata alichofanya. Babu yangu wa Texas akanipiga bega akasema tetemeko limekuletea bahati leo mpenzi. Na yule kijana wa kofia ya sweta, yule aliyelipa na jozi ya saba mchana na mimi nikamgongea, alikuwa anaangalia simu yake. Saba zake zilikuwa akili. Kumi zangu, ambazo ni kubwa kuliko saba, na nimezifikiria kwa muda mrefu kuliko alivyofikiria yeye, zimekuwa bahati. Nilitaka kuwaeleza. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, kuhusu karata ya nne, kuhusu uru, kuhusu lile swali lake kwa dila. Nikayameza, manake ukieleza unavyosoma watu umewafundisha wajifiche, na nilikuwa bado nakaa nao masaa kadhaa. Lakini iliniuma na mpaka leo inaniuma, sitadanganya, iliniuma kuliko hata ningepoteza zile 18,000.

Usiku ule nilifunga chipu zangu kwenye mfuko zikiwa karibu 80,000. Siku ya pili nilitolewa kabla ya jioni, nilikuwa na ree mbili mkononi na mtu akapata tano tatu, hakuna cha kulaumu hapo, na sikupata hata senti.

Ila nataka nirudi usiku ule wa tetemeko. Nilifika chumbani kama saa saba na nusu usiku, Mombasa ilikuwa saa tano na nusu asubuhi, nikakuta mama amepiga simu mara sita. Alikuwa amesikia habari ya tetemeko redioni. Yeye alijua niko Vegas na rafiki yangu, hakujua habari ya mashindano, na nilikuwa nimepanga asijue kabisa. Akaniuliza, "Ulikuwa wapi mwanangu lilipopiga?" Na mimi sijui ni uchovu, sijui ni nini, nikamwambia ukweli, nilikuwa nacheza karata mama, nimekaa na wanaume wanane, kwa hela.

Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika. Nasikia kuku na mtu anatwanga kwa jirani. Nikangoja anigombeze.

"Na turufu ilikuwa nini?"

Nikamwambia mchezo huu hauna turufu mama. Nikamsimulia karata zote moja moja, mfalme wa uru, nane, tatu, sita, malkia wa shupaza, na kumi zangu, na beti yake, na jinsi tulivyotikiswa, na yule jamaa akamuuliza dila kama mkono utafutwa kila mtu arudishiwe zake.

Sikuwa nimefika mwisho. Mama akanikata kauli, akasema, "Huyo hana kitu. Ulimlipa?"

"Nilimlipa mama."

"Ehee," akasema, nikasikia anavuta kigoda akae vizuri. "Haya nianzie mwanzo, na uniambie kila mmoja alikaa wapi."