Nyota Moja Niliyoifuta

Duka langu la steshenari lipo Morogoro, chini ya ghorofa yenye ofisi nne, na kila ofisi ina ruta yake, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi. Ikifika saa nne asubuhi Wi-Fi yangu ilikuwa inakatikakatika. Mwanafunzi anajaza fomu ya mkopo wa chuo, yuko ukurasa wa mwisho, inamtupa nje, anaanza upya. Hilo liliniumiza sana.

Fundi akanishauri nibadilishe chaneli ya ruta, yaani njia ya mawimbi inayotumia. Kwenye simu nilikuwa na programu ya bure inayoonyesha mitandao ya jirani, chaneli zake na nguvu ya mawimbi. Nilipohamia simu yenye Android 10, namba zikawa zinaganda. Natoka kaunta hadi kwenye mashine ya fotokopi, hakuna kinachobadilika. Nikaandika kwa hasira kwenye maoni ya programu hiyo: "Mbovu, na inataka kujua mpaka mahali nilipo. Wezi." Nyota moja.

Kesho yake msanidi, yaani aliyeitengeneza programu, akajibu, kwa upole. Simu gani? Toleo gani la Android? Zinaganda baada ya muda gani? Sikuwa nimempa hata kimoja cha kumsaidia. Nikakaa na saa mkononi: zinabadilika mara nne, kimya, dakika mbili zikipita zinaanza tena. Nikamwandikia hivyo hivyo.

Kumbe mara nne ndiyo kikomo chenyewe. Tangu Android 9, ya mwaka 2018, programu iliyo wazi kwenye kioo inaruhusiwa kutafuta mitandao mara nne tu kila dakika mbili, ili kuokoa betri. Kwenye Android 10 kizuizi hicho kinazimika: unaingia Mipangilio, Kuhusu simu, unagusa namba ya muundo mara saba, kisha unakitafuta ndani ya Chaguo za wasanidi programu. Nikakizima, namba zikaanza kutembea nami dukani.

Na ruhusa ya mahali? Inatakiwa na Android yenyewe tangu toleo la 6, kwa sababu orodha ya ruta zinazokuzunguka inatosha kuonyesha ulipo. Nilikuwa nimemwita mwizi mtu anayetoa kazi yake bure, wala hana tangazo hata moja. Nikamwomba radhi. Nikamwomba pia aeleze jambo hilo ndani ya programu, kabla mtu hajaombwa ruhusa. Toleo lililofuata lilikuja na maelezo hayo, sentensi mbili tu, zinaeleweka.

Ruta zote za juu zilikuwa zimejazana chaneli ya 6, na yangu humo humo. Kwenye 2.4 GHz, mojawapo ya masafa ya Wi-Fi, chaneli ya 1, ya 6 na ya 11 haziingiliani. Ukikaa katikati yake unakanyagana na jirani. Ya 11 ilikuwa na mtandao mmoja dhaifu. Nikahamia huko, na wiki ile fomu zikawa zinafika mwisho.

Nikarudi kufuta ile nyota moja. Nikaweka tano, nikataja aina ya simu, toleo la Android na njia ya kuzima kizuizi, ili mwenye simu kama yangu aikute pale.