Ukoka wa watu na majibu yao

Wiki mbili nimezunguka na daftari hapa Tabora, Cheyo hadi Isevya, na swali moja: ukoka wa nyumbani unaumwagilia mara ngapi?

Jamani, kupata jibu la kuaminika ni kazi. Mzee mmoja, baada ya shikamoo, akaniambia, "Mwanangu, mimi simwagilii kabisa." Kiangazi hiki chote, na ukoka wake kijani kibichi! Kumbe alidhani nimetumwa na watu wa maji. Dada mwingine akasema kila Jumamosi. Kijana wake wa kazi akaninong'oneza kuwa ni kila jioni. Sidhani alidanganya. Anayeshika mpira si yeye.

Marekani, mwaka 2005, watafiti walikadiria kwa msaada wa setilaiti kuwa nyasi za namna hii zinafunika takriban kilomita za mraba 163,800. Lakini setilaiti haioni anayefungulia bomba usiku, wala anayerusha mbolea ya chumvichumvi kwa kukisia.

Sasa nimeacha "mara ngapi". Nauliza, "Jana jioni mlimwagilia? Nani alimwagilia?" Majibu yamebadilika mno. Kesho naanza upya nyumba zote za Cheyo.