Kiuno Kiliniuma, Kumbe Mapaja Yamekaza

Nimeshona nguo kwa miaka 18, na katika miwili ya karibuni sikuweza kuinuka kwenye cherehani jioni bila kwanza kushika ukingo wa meza na kusubiri kiuno kikubali kunyooka. Nilichua, nikameza dawa za kutuliza maumivu, nikabadilisha hata godoro. Nafuu ilidumu siku mbili tatu, kisha hali ikarudi palepale.

Mtaalamu wa fiziotherapia niliyemwendea hatimaye hakuanza na mgongo. Alinilaza chali, akauinua mguu wangu wa kulia goti likiwa limenyooka, na ulipofika kama nyuzi 45 nyuma ya paja pakavutika mno nikamwomba aushushe. "Fundi, hapa ulipaswa ufike karibu na 80," alisema. Alinieleza kwamba misuli ya nyuma ya paja huanzia kwenye mfupa tunaoukalia na kushuka hadi chini kidogo ya goti, hivyo ikikaza huivuta nyonga nyuma, na mtu anapoinama nyonga haikunjiki vya kutosha, kazi yote ikakiangukia kiuno. Ipo pia misuli ya mbele, itokayo kwenye pingili za kiuno hadi juu ya mfupa wa paja, ambayo kwa mtu anayeketi kutwa hukaza, naye akisimama huzivuta pingili hizo mbele.

Kabla ya yote aliniuliza kama maumivu hushuka hadi chini ya goti, kama nina ganzi au udhaifu mguuni, na kama mkojo au haja kubwa hunitoka bila kujijua. Mwenye dalili hizo asijinyooshe nyumbani kwa kusoma maelezo yangu. Akishindwa kuzuia mkojo, au akifa ganzi sehemu za siri, aende hospitali siku hiyohiyo.

Zoezi lenyewe halina gharama. Nililala sakafuni mlangoni, mguu mmoja umenyooka kupita kizingiti na mwingine nimeuegemeza kwenye fremu, nikahesabu hadi 30, mara tatu kila mguu, asubuhi na jioni. Mwanzoni nilikuwa na pupa: nilijivuta kwa kurusharusha mguu, na kesho yake nikachechemea. Tangu hapo nilisogea mpaka pale tu nilipohisi mvuto usio na maumivu. Kwa misuli ya mbele nilipiga goti moja juu ya kitambaa kilichokunjwa, nikaisukuma nyonga mbele taratibu. Nilipewa pia mazoezi ya kuimarisha makalio na tumbo, na kwa maoni yangu kunyoosha peke yake kusingetosha.

Kwa kuwa ni fundi, kila Jumapili nilitia alama ya chaki ya kitambaa pale kisigino kilipofika kwenye fremu, nikapima kwa futikamba. Wiki mbili za kwanza alama haikupanda hata sentimita moja, na nilikaribia kuacha. Kufikia wiki ya saba ilikuwa imepanda sentimita 11, nami nilikuwa nikiinuka bila kushika meza.

Sikupona moja kwa moja. Mwezi Januari, sare za shule zinapojaa mezani na nikasahau kuinuka kila nimalizapo nguo moja, kiuno huanza tena kunisumbua, na nikitazama nyuma huwa nimeruka siku kadhaa za kulala mlangoni.