Siku moja maishani mwangu: neno lililonitoa ofisini

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Sijatoka kitandani na simu tayari iko mkononi. Naongoza kampuni ndogo hapa Nairobi inayotengeneza programu za kliniki, na tangu mwaka jana ripoti yangu ya alfajiri huandikwa na akili unde (AI). Zamani mameneja walikuwa wakiniletea kurasa zao kila Jumatatu. Hofu ya kila mmoja niliijua kwa mwandiko wake: aliyekuwa na jambo la kuficha aliandika sentensi ndefu. Siku hizi kila kitu kimepigwa pasi.

Leo ripoti inasema vipimo vya malaria vimepanda sana katika kliniki moja ya Kayole inayotumia programu yetu, na kwamba huenda kuna mlipuko.

Mlipuko wa malaria, Kayole? Mimi mzaliwa wa Kakamega, malaria naijua. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na wengi wanaougua malaria hapa wameitoa safarini, Kisumu au Busia.

Saa mbili asubuhi

Ofisini, Ngong Road. Vijana wa data wanasema hesabu ni sawa, vipimo kweli vilifanywa. Mmoja amekwisha kuchora grafu ya kupendeza. Nauliza waliopatikana na malaria ni wangapi.

"Karibu hakuna, madam."

Nimeahirisha kikao cha bajeti nikaita teksi. Miaka mitano iliyopita ningemtuma mtu.

Saa nne kasorobo

Kayole. Nimeketi kwenye kiti cha plastiki kando ya muuguzi wa mapokezi, nisiwe njiani. Anaingia mama na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mgongoni. Muuguzi anasogeza simu mezani, mama anaongea, programu inaandika. Sehemu hiyo ya sauti tuliiongeza mwezi uliopita na tukajisifu sana kwamba imeokoa muda.

"Mtoto ako na homa tangu juzi, na anakohoa."

Natazama kioo cha simu. Mama amesema homa, akimaanisha pua inayotiririka, kama sisi sote wa Nairobi tunavyosema. Mashine imeandika kwa Kiingereza kwamba mtoto ana joto la mwili tangu juzi. Kipimajoto kinasoma 36.8, namba iko papo hapo kwenye kisanduku chake, lakini anayesemekana alikuwa na joto juzi hahesabiwi kuwa mzima kwa sababu tu leo amepoa. Kwa hiyo programu inashauri: pima malaria.

Klinikal ofisa, ambaye kila mgonjwa humwita daktari, anacheka bila kugeuka. "Madam, hii mashine yenu ilisomea Tanga?"

Amekaribia kabisa. Kwa ndugu zetu Watanzania homa ni joto la mwili, na pua inayotiririka ni mafua. Maandishi mengi ya Kiswahili ya afya yanaifuata maana hiyo, na mashine ikameza ilichopewa. Namuuliza mbona hakutuambia. Anasema alipuuza ushauri huo wiki mbili za kwanza, ila mwenye kliniki akauliza kwa nini hafuati mfumo aliolipia. Tangu hapo anapima. Na kipimo hakilipiwi na mwenye kliniki wala mimi, kinalipiwa na huyu mama.

Kisha anafanya kazi ambayo hatujaipatia programu yoyote. Anapandisha fulana ya mtoto, anaweka saa yake mezani, anatazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima. Thelathini na nne. Kwa umri huu, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ndizo zingemtia wasiwasi wa nimonia. "Mama, hii ni mafua tu. Mpe maji mengi, na akianza kupumua mbio mrudishe hata usiku."

Narudi mjini nikiwa na uchungu wa aina yake. Mashine ya mapokezi ilikosea neno moja, mashine ya ripoti ikasoma maandishi yake ikaona mlipuko. Zilisadikiana. Mimi ndiye mtu wa kwanza kwenye mnyororo huo, na nilikuwa kitandani.

Saa saba

Chapati madondo, nimesimama.

Saa nane mchana

Bodi, Upper Hill. Mwenyekiti amesoma utafiti wa Penda Health, wenye kliniki, na OpenAI, watengenezaji wa akili unde, uliotolewa 2025, wa ziara 39,849 za wagonjwa katika kliniki 15 za hapa Nairobi. Kwa wahudumu waliosaidiwa na akili unde, makosa ya utambuzi wa ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, ya matibabu 13. Swali lake: basi kwa nini bado tunawalipa wauguzi wawili wa kukagua rekodi?

Namwambia namba hizo nazipenda, lakini asome pia kwamba wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, tofauti haikuwa ya kutegemewa, na kwamba Penda walikaa na wahudumu wao wakiwafunza kuitumia. Kisha nawasimulia habari ya homa. Namkumbusha na kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kinachompa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mtambo peke yake. Wakili wetu anatikisa kichwa kukubali, ni nadra.

Niliomba mkaguzi wa tatu. Nimepewa miezi mitatu ya kuwabakiza hao wawili. Haya.

Saa kumi na moja jioni

Badiliko liko tayari: neno homa likisikika, programu isitafsiri, iulize kwanza. Zamani mambo haya hayakufika mezani kwangu, yalikuwa ya vijana. Sasa neno lolote jipya ambalo programu inamwambia mhudumu lazima litiwe saini na daktari wetu mkuu, halafu mimi. Nimesoma mistari yote, nikasaini. Pia nimeagiza mwenye kliniki apigiwe simu, sio kuandikiwa, kuhusu pesa za vipimo vile. Sehemu ya kurudisha itatoka kwetu, na mhasibu amekwisha kununa.

Saa tatu usiku

Stima imepotea mtaani. Ujumbe unaingia kutoka kwa klinikal ofisa wa Kayole, aliye zamu ya usiku: "Madam, sasa inauliza. Lakini inasema 'Je, mtoto ana mafua ama hararati?' Hararati ni nini?"